Jogoo Niliyemleta kutoka Mokambo

Veronika, mama,

Mambo ya safari hutayakuta katika barua hii. Blanketi, karatasi za Masista, chakula cha njiani, mahali pa kubadilisha treni: hayo shangazi yako Anjelina amekuimbia wiki nzima, na nadhani unaweza kuyaimba mwenyewe. Nimechukua kalamu mchana huu wa Jumapili, wewe ukiwa umekwenda kuwaaga Masista, kwa sababu nina hasira. Nisipoiandika leo, kesho asubuhi utapanda treni na uongo ndani ya sanduku lako, utaufikisha Kabalo kwa ndugu za marehemu mama yako, na huko utasimuliwa mpaka wajukuu.

Nawakasirikia majirani. Namkasirikia shangazi yako. Nakukasirikia wewe pia, usidhani nimekusahau. Lakini wa kwanza kabisa ni mimi, baba yako, karani wa reli, mtu wa shati jeupe.

Wiki sita sasa huli chakula kilichopikwa na mke wangu. Unajipikia bukari, ugali wako peke yako, katika sufuria ndogo ya mama yako, unakula umegeukia ukuta. Helena anakuamkia, unaitikia kwa pua. Jana alikufulia gauni la safari. Ulilitoa kwenye kamba likiwa limekauka vizuri, ukalifua upya. Alikuwa dirishani, aliona yote, akarudi kuchagua mchele wake. Na mimi niliona. Nilitaka kukupigia kelele pale pale, nikajizuia, maana ningeanza kupiga kelele ningelazimika kusema kila kitu.

Basi leo nasema kila kitu.

Nianze na kuku wenyewe, hao waliokufa, kwa sababu unafikiri unajua habari zao zote. Mama yako Marselina alipokuja kwangu kutoka Kabalo, nkambo yako, mzazi wake, alimpa kuku majike watatu ndani ya kitunga ili asianze nyumba mikono mitupu. Kuku walikuwa hawaruhusiwi katika behewa la watu. Mama yako alifunika kitunga kwa kitenge, akakipakata safari nzima kama mtoto mgonjwa. Mkaguzi wa tiketi alipopita akauliza, “Mutoto iko na nini, mama?” Mama yako akajibu, “Iko na homa, bwana.” Hapo hapo mmoja wa kuku akaanza kuimba ule wimbo wao wa kutafuta kiota. Mkaguzi akasikiliza kidogo, akasema, “Hii homa, mama, inataka kutaga,” akaendelea na tiketi zake. Behewa zima lilicheka mpaka stesheni nyingine. Mama yako alinisimulia hayo siku ya kwanza, bado ana vumbi la njia usoni, naye akicheka huku amejifunika mdomo.

Kuku wako wote walitoka kwa hao watatu. Mama yako alipokufa ulikuwa na miaka kumi na minne, ukawachukua. Hukuniomba ruhusa. Ulimjua kila mmoja kwa mwendo wake, hata yule mweupe uliyemwita Sista kwa sababu alipita lupangoni, humu uani kwetu, kama anakagua mistari ya wanafunzi. Mimi nilikuwa nalia chumbani, wewe ulikuwa unachunga kuku wa mama yako. Najua walikuwa nini kwako. Kwa hiyo najua pia ukubwa wa nilichokufanyia.

Sasa nikuambie habari za Helena, na ukinuna, nuna. Baba yako ana miaka arobaini na minne na amependa kama mvulana. Alikuwa anauza sokoni mayai ya shamba la baba yake, kule upande wa Kafubu, ambako watu wake wamelima tangu kabla ya reli, kabla ya mgodi, kabla ya sisi watu wa kaskazini kuletwa hapa na kazi. Kila yai alilishika ndani ya ngumi, akaliinua kwenye jua, akafumba jicho moja. Nilimuuliza anatafuta nini ndani yake.

“Yai mubaya inakuwa na kivuli, bwana.”

“Na miye, ukinishika vile kwa jua, utaona nini?”

Akaniangalia kutoka viatuni mpaka kofiani. “Weye? Weye unapenda mayai kweli, ao unapenda kusimama hapa?”

Sipendi mayai. Unajua sipendi. Kwa miezi minne nilipiga pasi shati langu zuri ili niende kununua mayai manne, na wewe ukalalamika mezani: “Baba, tutaota manyoya.” Siku alipokubali kuolewa nami nilirudi nyumbani kwa miguu, sikumbuki njia gani. Hata sasa, nikisikia anaburuta ndala zake asubuhi kwenda kuwasha moto, moyo wangu unaruka. Sioni haya kukuandikia hivyo. Ninaona haya kwamba mapenzi haya makubwa yalishindwa kunifanya mwanaume kwa muda wa sentensi moja tu, siku ilipohitajika.

Wiki ya nne baada ya arusi nilitumwa Mokambo kwa ajili ya mizigo. Helena alikuwa amesema, kwa mzaha tu, kwamba kuku wetu ni wadogo kama njiwa, wanahitaji jogoo mwenye mifupa. Kwenye jukwaa la stesheni alikaa mwanamke aliyetoka ng'ambo ya mpaka na kuku waliofungwa miguu, na kati yao jogoo mkubwa, mwekundu kama shaba inayotoka motoni. Sikuwahi kuona jogoo kama yule. Lakini alikuwa amelala. Macho yake yalikuwa nusu wazi na mdomo ulipumua kama wa mtu aliyekimbia.

“Iko na usingizi tu, tata,” mwanamke akasema. “Ni jua.”

Akasema hivyo, na kwa mguu wake akasukuma kitu chini ya gunia. Kilikuwa kuku aliyekufa. Niliona bawa lake, Veronika. Niliona na sikuuliza, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuona mbele yangu uso wa Helena atakapompokea jogoo yule, na mtu anayetazama uso wa namna ile haoni kitu kingine. Kuku wa ng'ambo hawapitishwi bila karatasi ya daktari wa wanyama. Nani anajua sheria hiyo kuliko karani anayegonga mihuri? Nikamnunua jogoo, nikamfunika kwa koti langu, nikamweka katika behewa la mizigo.

Ulikuwapo nilipoingia naye lupangoni. Helena alipiga vigelegele, akanikumbatia mbele ya watu wote, nami nikajiona mfalme. Kisha akachutama. Akainua bawa la jogoo, akanusa mdomo wake, akaangalia kinyesi chake kwenye koti langu. Furaha ikamtoka usoni. Alichukua kamba, akamfunga jogoo nyuma ya jiko, mbali na wengine, akamwekea bakuli lake peke yake.

“Aksanti, bwana. Ni jogoo muzuri sana. Lakini atakaa huku siku kumi na ine. Kwetu, kuku mugeni anakaa peke yake kwanza, hata kama analetwa na Monsinyeri. Na miye nitanawa mikono mbele ya kugusa ingine.”

Ningesema “sawa, mama” tu. Maneno mawili. Lakini majirani walikuwa wanatazama juu ya ua, na mimi nilikuwa bwana arusi, na nilikuwa nimesoma. Nikacheka kwa sauti ili wasikie.

“Helena, hii ni mambo ya bankambo. Miye nilisoma na Bapadri! Jogoo analetwa kwa mabibi harusi ishirini na tatu, na weye unamutia gerezani?” Watu wakacheka. Nikakugeukia. “Veronika, mufungulie.”

Ukamfungulia. Ulikuwa unacheka wewe pia, siku hiyo bado ulikuwa unampenda Helena kidogo. Ukasema, “Nenda salimia babibi yako, tata mukubwa.” Na Helena, amesimama mlangoni mwa jiko na mikono kiunoni, akasema maneno ambayo sasa mtaa mzima unayajua kwa moyo: “Sawa. Lakini ataua ingine yote, mutaona.”

Upande wa pili wa ua, jirani yetu Mama Adela alikuwa anaanika mihogo.

Yaliyofuata uliyaona kuliko mimi, maana ulikuwa nao tangu asubuhi. Siku ya sita Sista akasimama kona, shingo imepinda, anatazama juu kama anangoja mvua. Kinyesi kijani. Mabawa yanaburuta. Mwingine akawa anazunguka mahali pamoja mpaka akaanguka. Ulimwaga maji ya pilipili katika midomo yao, ukawapaka majivu, ukalala umemkumbatia mmoja. Helena akaja kwangu: wanaougua wachinjwe na wachomwe motoni, au wazikwe chini sana, tusinyonyolee hapa lupangoni, tusimpe mtu hata mguu. Nikamjibu, “Nyama iharibike bure?” Nikachinja sita waliokuwa bado wanasimama. Na kwa kuwa nilikuwa bwana arusi mkarimu, nikapeleka sahani kulia na kushoto, na matumbo nikayatupa kwenye jalala letu la pamoja, pale ambapo kuku wa Mama Adela hushinda wakifukua.

Ndivyo walivyokufa na wa kwake. Hakuna aliyewaloga. Niliwapelekea ugonjwa kwa mkono wangu, katika sahani, na mchuzi juu yake.

Nikupumzishe hapo kidogo, au nijipumzishe. Huko unakokwenda kufundisha utaingia darasani siku ya kwanza na utajua vitu ambavyo wazazi wa watoto wale hawavijui. Itakupendeza. Itakupendeza mno, na hapo ujiangalie. Bapadri walitufundisha magonjwa. Nilichora mikrobi ubaoni kwa chaki, Padri akaniweka mbele ya darasa ili wengine wanitazame. Nilijua neno lenyewe kwa Kifaransa na namna linavyoandikwa. Na mwanamke aliyekuwa na kamba na bakuli mkononi alikuwa ananionyesha jambo lile lile nililochora, nami nikamcheka kwa sababu hakulitaja kwa jina nililolijua. Elimu yangu yote siku ile ilifaa kazi moja, kumwaibisha mke wangu mbele ya majirani.

Turudi. Unaikumbuka asubuhi ya Mama Adela. Alikuja ameshika kuku wake wa mwisho kwa miguu, akamtupa mbele ya Helena, vumbi likaruka.

“Chukua, mama wa mayai! Kula! Maliza kazi yako!”

“Mama Adela, pole. Huyu ni ugonjwa.”

“Ugonjwa iko na kinywa? Minasikia na masikio yangu: ataua ingine yote. Njo vile ulisema! Muntu anajua namna gani kuku itakufa, kama si yeye anaiua? Ulikuta kuku ya marehemu hapa, roho ikakuuma.” Watu walikuwa wamejaa mlangoni. “Na jogoo! Alikuwa na kamba, nilimuona. Nani alimufungua? Aseme yeye mwenyewe hapa, nani alimufungua?”

Tulisimama watatu pale, Veronika. Mimi nilitazama viatu vyangu. Wewe ulitazama sufuria. Helena alikutazama wewe, muda wa kumeza mate tu, kisha akamwambia Mama Adela:

“Ni miye.”

Sikuandikii haya ili nikuumize, ingawa nimekasirika kiasi cha kutaka kukuumiza kidogo. Mkono ulikuwa wako na amri ilikuwa yangu, kwa hiyo kosa ni langu, na hilo ulishike vizuri usije ukalibeba wewe. Lakini kunyamaza kulikuwa kwetu sote wawili. Wewe una miaka kumi na tisa, uliogopa. Mimi ndiye niliyekuzaa, nami nilijificha nyuma ya kitenge cha mke wangu pamoja na mwanangu, tumebanana humo kama watoto wawili walioiba sukari. Na tangu siku ile umezidi kumchukia. Nimefikiri sana juu ya hilo. Nadhani humchukii kwa sababu ya kuku. Unamchukia kwa sababu alikuona. Nasema hivyo kwa kuwa mimi mwenyewe, siku tatu nzima, sikuweza kumtazama usoni, nilimkaripia kwa chumvi, kwa maji ya kuoga, kwa kila kitu.

Nilimuuliza baadaye kwa nini alisema vile. Alikuwa anapepeta unga, hakuacha.

“Yule mutoto hana mama. Bakisema ni mukono yake, atabeba ile kintu mpaka uzee. Miye niko na mama. Niko na baba.” Akapepeta tena. “Na niko na weye.”

Hilo neno la mwisho lilinichoma. Maana bado hujaambiwa lililo baya zaidi.

Alhamisi ile mtu wa serikali wa magonjwa ya wanyama alipokuja na msaidizi wake, wewe ulikuwa kwa Masista. Walitazama mizoga, wakapima lupango kwa macho, wakauliza swali moja tu: jogoo huyu alitoka wapi? Nikaona kazi yangu inaondoka. Nikaona nyumba, muhuri, shati jeupe, vyote vinakwenda kwa ajili ya jogoo. Nikajibu kwa Kifaransa kizuri, sentensi safi kabisa, kwamba aliletwa na ndugu za mke wangu siku ya arusi.

Helena alikuwa anawamiminia wageni maji ya kunawa. Kifaransa hajui, lakini alisikia jina la kwao, maana nililitaja, na aliona mkono wangu umeonyesha upande wa Kafubu. Aliendelea kumimina. Maji yalijaa beseni, yakamwagika juu ya viatu vya yule bwana, naye bado anamimina.

Siku mbili baadaye walikwenda shambani kwa baba yake. Hapakuwa na kuku mgonjwa hata mmoja. Waliwachoma wote, wakubwa na vifaranga, na wale waliokuwa wanaatamia wakachomwa pamoja na mayai yao. Mzee yule alisimama na kofia yake mikononi, akauliza kosa lake ni nini. Hao ndio kuku waliomlea Helena, ndio waliomleta sokoni, ndio walioniletea mimi furaha ya maisha yangu. Nao walikufa kwa ajili ya sentensi yangu moja.

Habari zikafika kwetu haraka, na Mama Adela akapata wimbo mpya: “Munaona? Hata serikali inajua bulozi inatoka wapi!” Wewe ukaamini. Jioni ile ndipo ulipochukua sufuria ndogo ya mama yako. Ulidhani serikali imethibitisha. Serikali haikuthibitisha kitu, mwanangu. Iliniamini mimi.

Siku nne Helena hakusema nami. Alipika, aliweka sahani, aliondoka. Nilitembea nyumbani mwangu kama mpangaji. Siku ya tano nilimkuta ameketi kwenye kizingiti, nikakaa chini kabisa, chini ya miguu yake, na suruali yangu ya kazi. Akasema, “Nilikasirika sana, bwana. Bado minakasirika. Baba yangu alikuwa analia kama mutoto. Lakini nilikupenda mbele ya kukasirika, njo shida yangu.” Kama siku moja utaolewa, sitakuombea mume tajiri wala mume mrembo. Nakuombea usiwe na mume aliye kama nilivyokuwa siku nne zile, na ukimpata hata hivyo, usiwe mpole naye kama Helena alivyokuwa nami. Mpigie kelele. Ningepigiwa kelele ningefanya mapema nililolifanya leo.

Leo, baada ya misa, nilimwambia shangazi yako. Nilimkuta kwa Mama Adela, nikafurahi: wote wawili pamoja, nitasema mara moja. Nikasema. Mokambo, koti, behewa, kamba, amri yangu, sahani, jalala, uongo wangu kwa mtu wa serikali. Juu ya mkono wako sikusema kitu, hilo ni lako. Niliongea nimesimama, jasho linanitoka, kama mtu anayeungama uwanjani. Nilipomaliza, shangazi yako alinitazama kwa huruma. Kwa huruma, Veronika!

“Yaya,” akaniambia, maana hata leo ananiita hivyo kwa kuwa nilimtangulia kuzaliwa, “huyu mwanamuke anakulisha nini?”

“Anjelina, nimekuambia ni miye!”

“Minasikia. Unabeba kosa yake sawa punda. Weye! Muntu alisoma, muntu wa biro! Mama Adela, angalia macho yake.”

“Minaangalia,” Mama Adela akasema. “Amekwisha mutia mu chupa, na kizibo juu.”

Wakacheka. Nikapiga kelele, nikataja jina la kila mtu aliyekuwa jukwaani Mokambo, na kadiri nilivyopiga kelele ndivyo walivyozidi kuona kwamba nimelogwa. Wiki sita nyuma wangeniamini. Wakati ule ukweli wangu ungekuwa ukweli wa kawaida, ungeleta matusi na kwisha. Nimeuacha ukachacha mpaka sasa unanuka kama dawa ya mapenzi, na kila ninapomtetea mke wangu ninamkandamiza zaidi. Nimerudi nyumbani nimepiga mlango teke, kitasa kimevunjika. Ukikiona, ni mimi.

Ndiyo sababu ninakuandikia wewe. Katika mji huu mzima hakuna mtu mwingine anayeweza kuniamini, kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa na ile kamba mkononi. Huhitaji kunisadiki. Unahitaji kukumbuka tu.

Kesho nikishakupandisha treni sitapita kazini. Nitakwenda moja kwa moja kwenye ofisi ile ya wanyama, nitasema jogoo alitoka wapi na nani alimficha chini ya koti. Helena amenisihi nisifanye hivyo. “Batakufukuza,” anasema. Huenda. Kisha nitakwenda Kafubu kwa baba mkwe wangu, na huko naogopa zaidi kuliko ofisini, maana ofisini wana adhabu iliyoandikwa, na yule mzee ana macho tu. Hayo ni yangu, usiyafikirie njiani.

Helena amesema kesho hatakuja stesheni asije akaharibu kuaga kwako. Nimemwambia atakuja, na nitatembea naye mkono kwa mkono katikati ya barabara, shangazi yako atazame na Mama Adela atazame. Sikuombi umwite mama. Mama yako alikuwa mmoja, na nilimpenda, na kumpenda Helena hakujamfukuza mahali popote. Sikuombi hata umkumbatie. Kama utashindwa kumtazama, elewa tu kwamba mimi nilishindwa kabla yako.

Lakini kuna jambo moja nakutaka, na hili silisemi kwa upole. Ukifika Kabalo, kabla hujaketi, nkambo yako atauliza kuku wake wana hali gani. Huuliza hivyo kila anayetoka huku, miaka yote hii, kwake ni kama kuuliza habari za marehemu mwanawe. Utamwambia wamekwisha. Atashika kichwa. Kisha atauliza ni nani aliyewaua, na nyumba nzima itakungoja, shangazi zako, binamu zako, watu ambao hawajawahi kumwona Helena na pengine hawatamwona kamwe, na watakachokisikia siku hiyo ndicho atakachokuwa kwao mpaka afe.

Ukitaka kusema habari za kamba, sema. Usipotaka, usiseme, mimi sitakudai. Lakini wajibu, Veronika, kwa sauti ambayo hata waliokaa nje wataisikia. Waambie: “Ni baba yangu.”

Alfonsi, baba yako